Kabla ya kwenda kulitafuta kaburi la babu aliyekuwa keya au mpagazi wa Kariakoo

MLETA UZI

Wanajamvi, salaam.

Kila inapokaribia Julai 25, siku ya Mashujaa kwetu Tanzania, au Novemba, ndugu zetu wa Kenya wanapoona mashada yakiwekwa katika makaburi ya vita ya Ngong Road, swali lilelile huulizwa tena: mtu ana babu, au baba wa babu, aliyechukuliwa vitani asirudi, na sasa ukoo umekubaliana kwenda kumzuru. Karibu wote huanza kwa kuuliza kaburi liko wapi. Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: alichukuliwa kama nani? Katika vita vile viwili vya dunia, kulala katika kaburi lenye jina hakukutegemea ushujaa wa mtu wala namna alivyokufa. Kulitegemea daftari aliloandikwa, na wapo maelfu walioandikwa katika madaftari ambayo hakuna aliyejali kuyatunza.

Nianze na Vita ya Kwanza, ambayo wazee wengine waliiita vita ya Mjerumani, maana ndiko watu wanakopotelea zaidi. Mapigano makubwa ya mwanzo yalikuwa Tanga, Novemba 1914, na silaha hazikuwekwa chini hadi Novemba 25, 1918, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipojisalimisha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Katika miaka hiyo, babu yako huenda alikuwa askari wa King's African Rifles, ambao Waswahili waliwafupisha wakawaita keya. Huenda alikuwa askari wa Mjerumani. Au huenda, na hili ndilo lenye uwezekano mkubwa kuliko yote hata kama familia imezoea kusema “babu alikuwa askari”, alikuwa mpagazi.

Wapagazi waliwazidi askari kwa mbali. Barabara hazikuwapo, na farasi na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo unga, risasi, mahema na hata vipande vya mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Waingereza peke yao waliandikisha watu karibu milioni moja kwa kazi hiyo katika kipindi chote cha vita. Kikosi kiliitwa Carrier Corps, na kutokana nacho tumerithi Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wanahistoria hukadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000, na wengi wao hawakuguswa na risasi: walimalizwa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa ya kulishwa unga ambao matumbo yao hayakuuzoea, tena mara nyingi ukiwa haujaiva.

Jambo hilo la vifo vya maradhi hubadilisha kabisa namna ya kutafuta. Mpagazi hakuzikwa kwenye uwanja wa mapambano. Alizikwa kando ya njia alipoanguka, au karibu na hospitali ya wapagazi alikobebwa na wenzake. Kwa hiyo msiwaulize wazee majina ya mapigano, ambayo pengine hata marehemu mwenyewe hakuyajua. Waulizeni alipitia wapi. Voi, Taveta, Handeni, Korogwe, Morogoro, Dodoma, Kilwa, Lindi: mojawapo ya majina haya likitajwa katika masimulizi ya nyumbani, hata kwa wimbo tu au kwa jina la utani alilorudi nalo mwenzake, limeshawapa mwelekeo ambao hakuna afisa wa ofisini atakayewapa.

Sasa kuhusu makaburi yenyewe. Tume ya Makaburi ya Vita, ile ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola, iliundwa Mei 21, 1917, na ikajiwekea kanuni nzuri: jiwe la jenerali na la askari wa kawaida liwe sawa, na kila aliyekufa atajwe kwa jina, ama juu ya kaburi lake ama juu ya mnara. Huko Ufaransa na Ubelgiji kanuni hiyo ilifuatwa kwa uangalifu wa kustaajabisha. Kwetu haikufuatwa. Makaburi ya Wazungu yalikusanywa na kuzungushiwa kuta; makaburi ya wapagazi na ya askari wengi wa Kiafrika yaliachwa yarudi kuwa pori, na huo haukuwa usahaulifu bali uamuzi, ulioandikwa katika barua na kukubaliwa na watawala wa makoloni. Tume yenyewe ilikiri katika ripoti yake ya Aprili 22, 2021: kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000 waliokufa, wengi wao wakiwa Wahindi, Waafrika wa mashariki na magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao; na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Siku hiyohiyo Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Badala ya majina, tulipewa sanamu. Ya Dar es Salaam, ambayo sote tunaiita Sanamu ya Askari, ilizinduliwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa zamani wa Kijerumani, kabla Waingereza hawajaing'oa. Na zipo nyingine Mombasa na Nairobi. Ile ya Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, ina haki zaidi machoni pangu, kwa kuwa miongoni mwa watu wake watatu yumo mpagazi. Maandishi yake yalitungwa na mwandishi wa Kiingereza Rudyard Kipling na yakatiwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha herufi za Kilatini na cha herufi za Kiarabu. Yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwahidi msomaji kuwa akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Uzungukeni mnara huo kwa miguu pande zote. Hakuna jina hata moja. Kazi ya kukumbuka waliwaachia watoto, na orodha hawakuwaachia.

Kwa Vita ya Pili hali ni afadhali sana, na ningependa wenye wazee wa wakati huo wasikate tamaa kwa kusoma niliyoyaandika hapo juu. Kutoka Tanganyika pekee walikwenda watu wapatao 87,000, na kwa kawaida kila askari alikuwa na namba, cheo na kikosi kinachojulikana. Walipigana na Mtaliano Somalia na Ethiopia hadi Gondar ilipoanguka Novemba 1941. Wakapelekwa Madagascar mwaka 1942. Kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaenda Burma (leo Myanmar), ikashuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, magari yakizama katika matope, hadi kufika mto Chindwin. Waliokufa huko wamezikwa katika makaburi kama Taukkyan, kaskazini mwa Yangon, na mahali hapohapo pana mnara, Rangoon Memorial, wenye majina karibu 27,000 ya wanajeshi wa mataifa mbalimbali ambao makaburi yao hayajulikani. Kama barua ya mwisho ya babu ilitoka Burma na kaburi halionekani katika rejesta ya Tume, someni mnara huo kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Liko kundi moja ninaloliombea subira zaidi. Februari 12, 1944, meli ya SS Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives na kuzama kwa muda mfupi mno, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Walikufa karibu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Familia ambayo mzee wake “alipotea baharini akienda Burma” mwezi huo isihangaike kuulizia kaburi.

Mkifanikiwa kufika penye jiwe, lisomeni taratibu. Mawe haya yana mpangilio: nembo ya kikosi, namba ya utumishi, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufa, na pengine alama ya dini. Umri kwa askari wetu mara nyingi haupo. Sehemu ya chini kabisa iliachwa kwa ajili ya maneno ya familia, na ukiyapita makaburi ya Waingereza utayaona maneno hayo, mstari wa zaburi au kauli ya mama. Ukifika kwa akina babu unakuta jiwe tupu, kwa kuwa familia hazikuulizwa. Watu wengine huumizwa na utupu huo kuliko kaburi lenyewe, na nawaelewa. Lakini msiandike kwa kalamu wala kupaka rangi, chaki au mafuta ili herufi zionekane kwenye picha. Nendeni asubuhi au alasiri jua likiwa upande, herufi zitajitokeza zenyewe. Namba ya utumishi iandikeni hata kama mnaona hamna haja nayo.

La mwisho kwa leo, na najua baadhi yenu hamtalipenda. Msichague kaburi. Nimewaona watu wakifika kwenye jiwe la askari asiyejulikana, wakakubaliana kifamilia kuwa “basi huyu ndiye wetu”, wakalipiga picha na kuiweka ukutani nyumbani. Huyo ni wa watu wengine. Kumwombea ni jambo jema. Kumpa jina la ukoo wenu ni kumpora aliyebaki na kidogo kuliko sisi sote.

MCHANGIAJI

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa maelezo yaliyoshiba. Mimi ni Mjaluo wa Siaya, na ningependa kuongeza jambo ambalo kwetu halina utata. Mtu akifa mbali na mwili ukakosekana, wazee wetu huzika tunda la yago mahali pake, kwa taratibu zote za mazishi, ili asitangetange na ili ndugu waliobaki waendelee na maisha. Babu yetu aliyekwenda Kariokor alizikwa hivyo nyumbani, na kaburi lipo kati ya makaburi mengine ya boma. Sasa vijana wanataka kwenda Voi na Taveta kumtafuta. Sisi wakubwa tunajiuliza: tukimtafuta mtu tuliyekwisha kumzika, hatutakuwa tunafukua jambo lililofungwa?

MLETA UZI

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante kwa kuliweka wazi. Mimi sioni mgongano. Kaburi la nyumbani ndilo kaburi, na safari ya vijana si ya kuzika upya, ni ya kuona njia aliyopita. Taveta ina makaburi ya kijeshi, na vilima vya Salaita, Latema na Reata, vilivyopiganiwa Februari na Machi 1916, viko karibu. Waende kama watu wanaotembelea mahali alipofanya kazi babu yao, na watakaporudi wawaeleze wazee waliyoyaona. Nadhani wasiwasi wenu utaisha kama wakiagizwa kabla ya kuondoka kwamba wasirudi na udongo wala jiwe la kitu wasichokijua ni cha nani.

MCHANGIAJI

Naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi kuhusu kwenda mahali pasipo na kaburi. Sisi Waislamu tumehimizwa kuzuru makaburi, tunawatolea salamu watu wa makazi yale na kuwaombea. Lakini dua haina haja ya anwani. Marehemu aliyelala chini ya bahari au porini Mahiwa inamfikia ukiwa msikitini kwako, na mtu mwenye kipato kidogo asije akadhani ana deni la nauli kwa babu yake. Kama kuna fedha za safari ya kwenda kuangalia pori, afadhali zitolewe sadaka kwa niaba yake.

MLETA UZI

Sheikh, kwa upande wa dini sina la kuongeza, na hiyo ya deni la nauli ni kweli tupu. Nitatetea jambo moja tu. Wapo wazee waliokaa maisha yao yote wakisikia kuwa baba yao “alikwenda kusini akapotea”, na kusini kwao ni neno tu. Mahiwa, uliyoitaja, watu walipigana siku nne Oktoba 1917, na ni mojawapo ya mapigano yaliyoua wengi zaidi katika vita nzima ya Afrika Mashariki. Mzee anayefikishwa pale na wajukuu zake, akaona miti na nyasi na njia ya kwenda Lindi, anapata kitu ambacho sadaka, pamoja na ubora wake, haikukusudiwa kumpa. Asiyeweza, hana lawama.

MCHANGIAJI

Na sisi ambao babu alikuwa upande wa Mjerumani? Huyo Tume ya Waingereza haimhusu, si ndiyo?

MLETA UZI

Baadhi ya makaburi ya Wajerumani yamo ndani ya viwanja vinavyotunzwa na Tume, lakini kwa askari wa Kiafrika waliomtumikia Mjerumani makaburi yenye majina ni adimu kuliko hata kwa keya. Mkianza, anzeni na Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ambako yamehifadhiwa majalada ya utawala wa Kijerumani. Msitarajie orodha ya jeshi, ila jina la boma (ofisi ya wilaya) au la akida (ofisa wa chini wa utawala huo) linaweza kuwapa wilaya aliyoandikishiwa. Zingatieni pia kuwa wengi hawakufa vitani. Walioweka silaha chini Abercorn walikuwa zaidi ya 1,100, wakarudi makwao bila mishahara yao, na Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa waliokuwa bado hai mwaka 1964. Inasimuliwa kuwa walipofika kulipwa Mwanza wengi hawakuwa na cheti chochote, wakapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani waushike kama bunduki, na hakuna aliyekosea. Kwa hiyo ulizeni kwanza kama mzee wenu kweli alikufa vitani, au alirudi akafia kijiji cha mke wa pili.

Kwa waliouliza kuhusu vita vya Kagera vya 1978 na 1979: wale ni wa jeshi letu wenyewe na habari zao si za kubahatisha. Mashujaa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na waliokufa katika harakati za ukombozi wa Msumbiji wako Naliendele, Mtwara. Kwa kuwa ni maeneo ya jeshi, andikeni barua ya kuomba ruhusa mapema.

MCHANGIAJI

Nimeingia kwenye rejesta ya Tume ya mtandaoni, nimeandika jina la babu kama tunavyoliandika sisi, halikuja. Familia imeshahitimisha kuwa hayumo.

MLETA UZI

Msihitimishe mapema hivyo. Rejesta ile ni ya bure, basi itafuteni hadi mchoke. Jina la babu liliandikwa na karani aliyelisikia kwa sikio la kwao. R na L hubadilishana, H hugeuka KH au kupotea, U huandikwa OO, na “bin” huweza kuungana na jina la baba likawa neno moja. Katika karatasi za Kijerumani, Juma ni Dschuma. Wengine waliandikwa jina moja tu, na hilo likawa la utani, la kijiji au la siku waliyozaliwa. Achaneni na jina kamili. Chagueni kikosi, mwaka wa kufa na nchi, kisha someni orodha yote kwa macho, na pale penye maelezo ya ziada angalieni kama wametaja wilaya au jina la mke.

Kisha ulizeni nyumbani kama kuna medali. Medali ya Waingereza ya Vita ya Kwanza ilichongwa namba, jina na kikosi kwenye ukingo wake, pale pembeni ambapo watu hawaangalii, kwa herufi ndogo zinazohitaji lenzi na mwanga wa dirishani. Zile za Vita ya Pili kwa kawaida hazina kitu, kwa hiyo msizikasirikie. Mkiipata namba, iandikeni kama ilivyo pamoja na herufi zinazoitangulia, na msiisugue medali kwa majivu wala ndimu ili ing'ae, maana ukingo huo umelika tayari na herufi hizo ndizo pekee zinazoweza kuwapeleka kwenye jina lake kama alivyoandikishwa.